MASAFA YA ANGANI NA SAA ZA SAFARI: NI NANI ALIYE KARIBU?

Ndugu mmoja, mwenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye siku hizi anakaa Laiser Hill, upande wa Ongata Rongai katika Kaunti ya Kajiado, ametuletea suali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote, kwa kuwa jambo lililomfika yeye huwafika wengi. Asema kwamba baba yao alifariki Mombasa, nao ni ndugu wawili: yeye aliye Laiser Hill, na mdogo wake aliye London. Mdogo alipopigiwa simu alisema, "Msizike, nami naja. Ndege ni saa nane na nusu tu." Yeye naye alisema, "Mimi niko karibu zaidi. Ndege yangu ni saa moja." Basi maiti akawekwa. Wazee waliokaa barazani walingoja mchana kutwa, usiku ukaingia, na siku ya pili ikapambazuka. Wengine walisema azikwe, wengine walisema mtoto angojewe, na maneno yakawa makali. Mdogo alifika, lakini alifika penye watu waliokwisha gombana.

Suali lake ni hili: "Je, tulikosea kungoja? Na vipi tungeweza kujua mapema kwamba safari itachukua muda wote ule?"

Sehemu ya pili ya suali hili ndiyo tutakayoanza nayo, kwa sababu asiyejua hesabu ya safari hawezi kuhukumu ni nani aliye karibu na ni nani aliye mbali.

MASAFA NI YA NAMNA MBILI

Yapasa kujua kwanza kwamba neno "masafa" lina maana mbili, na watu huzichanganya. Yako masafa ya mstari ulionyooka, kama arukavyo kunguru. Na yako masafa ya njia, ambayo mtu huyakata kwa miguu au kwa gari. Mfano wake uko papo hapo alipo muulizaji. Kutoka Laiser Hill mpaka kiwanja kikuu cha ndege cha Nairobi, kile kilichofunguliwa Embakasi mwaka 1958 na kupewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978, ni kama kilomita 20 kwa mstari ulionyooka. Lakini mstari huo wapita juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, na msafiri wa kiwanjani hana njia ya kukata katikati ya simba na twiga. Hana budi kupanda kwa barabara ya Magadi mpaka Lang'ata, kisha kuizunguka mbuga kwa upande wa kaskazini mpaka aikute barabara ya Mombasa. Njia hiyo yakaribia kilomita 30. Na aliye Kitengela, katika kaunti hiyo hiyo lakini ng'ambo ya pili ya mbuga, haizunguki mbuga kabisa: yeye hushika njia ya Athi River.

Tena masafa si muda. Kilomita hizo 30 huweza kukatwa kwa saa moja usiku wa manane, na asubuhi magari yanapojazana hula saa mbili na zaidi. Ndege iliyo angani haina msongamano wala mbuga ya kuzunguka. Basi mtu akikutajia masafa, muulize: ya mstari au ya njia? Na akikutajia saa, muulize: saa za kuruka au saa za safari nzima?

JINSI YA KUPIMA MASAFA YA ANGANI

Dunia ni mviringo kama tufe, na mzunguko wake ni kilomita 40,000 hivi. Wanazuoni wameugawa mzunguko huo sehemu 360, na kila sehemu huitwa digrii. Ukigawanya 40,000 kwa 360 utapata 111. Kwa hivyo kila digrii moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kilomita 111.

Elimu hii si ngeni kwetu. Khalifa al-Ma'mun wa Bani Abbas, aliyetawala kutoka mwaka 813 hadi 833, aliwatuma wanazuoni wa falaki katika uwanda wa Sinjar, huko Iraq, wakapime ardhi urefu wa digrii moja. Ni aibu kwetu sisi, wenye simu na ramani mikononi, kushindwa na hesabu ambayo wao waliifanya kwa kamba na miguu.

Na tufanye mfano mwepesi, wa safari ambayo kila Muislamu aitamani. Nairobi iko digrii 1.3 kusini ya Istiwai, yaani ikweta. Jeddah iko digrii 21.7 kaskazini yake. Jumla ni digrii 23. Zidisha kwa 111, utapata kilomita 2,553. Jeddah imeelekea mashariki kidogo, kwa hivyo masafa ya kweli ni kama kilomita 2,570. Tazama jinsi tulivyokaribia, bila ya chombo chochote ila kalamu!

Ama miji isiyokuwa juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hesabu yake ni ndefu zaidi, lakini iko njia ambayo hata mtoto wa chuoni aiweza. Chukua tufe la kufundishia jiografia, shika uzi, uuvute baina ya miji miwili mpaka ukaze, kisha uupime kwa kipimo cha tufe hilo. Huo ndio mstari mfupi kuliko yote, na ndege hufuata njia iliyo karibu na mstari huo, ila ikizuiwa na upepo, au mipaka, au vita. Kwa njia hii utaona kwamba Nairobi na London zimeachana kama kilomita 6,840, na Nairobi na New York kama kilomita 11,840.

Usiuvute uzi huo juu ya ramani ya karatasi, kwa maana karatasi ni bapa na dunia si bapa. Wengi wamedanganyika kwa ramani ya ukutani. Ndiyo sababu Waislamu wa New York huelekea kaskazini-mashariki wanaposali, ingawa Makka iko kusini zaidi kuliko mji wao. Anayeliona jambo hilo kuwa la ajabu na aushike uzi juu ya tufe, ajab itamwondoka.

KUTOKA MASAFA KWENDA SAA

Ndege kubwa za abiria za siku hizi huenda kiasi cha kilomita 850 au 900 kwa saa zikisha tulia juu. Lakini haziruki kwa mwendo huo tangu mwanzo. Ndege hutambaa kiwanjani, hupanda, na mwisho hushuka polepole. Basi shika kanuni hii: gawanya masafa kwa 850, kisha uongeze nusu saa.

Nairobi na Mombasa, kilomita 420 kwa mstari: nusu saa, na nusu saa, ni saa moja.
Nairobi na Jeddah, kilomita 2,570: saa 3, na nusu saa, ni saa 3 na nusu.
Nairobi na London, kilomita 6,840: saa 8, na nusu saa, ni saa 8 na nusu.
Nairobi na New York, kilomita 11,840: saa 14 kasorobo kidogo, na nusu saa, ni saa 14 na zaidi.

Hesabu hii ni ya kukisia, wala haishindani na ratiba ya shirika la ndege. Lakini yatosha kumjulisha mtu ukweli ulipo. Kenya Airways walipoanza safari ya moja kwa moja baina ya Nairobi na New York, tarehe 28 Oktoba 2018, safari ya kwenda ilihesabiwa kiasi cha saa 15, na ya kurudi kiasi cha saa 14. Masafa ni yale yale. Kwa nini saa zitofautiane?

Wako wasemao kwamba ni kwa sababu dunia yazunguka chini ya ndege. Maneno haya hayana msingi. Lau yangekuwa kweli, anayekwenda magharibi angewahi, kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki na mji ungemjia mbele. Na sisi twaona kinyume chake. Hewa huzunguka pamoja na dunia, kama vile hewa iliyo ndani ya gari huenda pamoja na gari. Sababu ya kweli ni upepo. Huko juu, katika pande za kaskazini, huvuma upepo wa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekuja kwetu husukumwa, na anayetoka kwetu hupingwa. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa zaidi ya hapo: nahodha aliye na upepo wa omo hafiki pamoja na aliye na upepo wa tezi.

SAA ZA MIJI HAZILINGANI

Jua huonekana kuizunguka dunia, digrii 360, kwa saa 24. Kwa hivyo kila digrii 15 za mashariki au magharibi ni saa moja, na kila digrii moja ni dakika 4. Mombasa iko mashariki ya Laiser Hill kwa digrii 3 hivi. Ndiyo maana aliyetoka Mombasa akaja Laiser Hill huona jua la adhuhuri limechelewa kiasi cha dakika 12. Asiyejua jambo hili huchukua ratiba ya sala ya Mombasa akaitumia Kajiado, akaadhini adhuhuri kabla ya wakati wake.

Lakini saa ya serikali haifuati kila digrii. Kenya nzima yatumia saa moja, nayo iko mbele ya saa ya London kwa saa 3 wakati wa baridi. Kutoka Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa 2. Jeddah na Nairobi saa zake ni moja, na hapo hesabu ni nyepesi.

Tazama udanganyifu unavyoingia. Mtu aondoka Nairobi saa 5 ya usiku wakati wa baridi ya Marekani, afika New York saa 12 asubuhi kwa saa ya huko. Akitazama saa mbili zile, atasema, "Nimesafiri saa 7." La! Baina ya Nairobi na New York wakati huo iko tofauti ya saa 8. Saba na nane ni kumi na tano. Kanuni ni hii: badili kwanza saa ya kuondoka iwe ya mji utakaofika, kisha ndipo uongeze muda wa kuruka.

USIKU WA SIKU GANI?

Liko kosa jingine ambalo limewakosesha ndege watu wengi wenye akili zao. Tiketi huandikwa kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Kuipata saa yetu, toa 6. Ikizidi 12, toa 12 tena. Na ikiwa saa iliyoandikwa ni chini ya 6, ongeza 6. Kwa hivyo 10:00 ni saa 4 asubuhi, 21:30 ni saa 3 na nusu usiku, na 00:40 ni saa 6 na dakika 40 usiku.

Hiyo ni saa. Ama siku, hapo ndipo penye hatari zaidi. Kwa hesabu yetu ya asili, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na hapana mtu wa pwani asiyelijua hilo. Lakini tiketi huukata usiku huo mmoja vipande viwili: kabla ya saa 6 ya usiku huuita Alkhamisi, na baada yake huuita Ijumaa. Mwenye tiketi ya Ijumaa saa 00:40 yapasa awe kiwanjani Alkhamisi baada ya Isha. Akisali Ijumaa msikitini, akala chakula cha mchana, kisha akaanza kufunga mizigo, ndege yake imekwisha ondoka tangu usiku uliopita, wala haitamrudia. Basi kila usomapo saa ya usiku katika tiketi, jiulize: ni usiku wa kuamkia siku gani?

HESABU YA SAFARI NZIMA

Sasa na turejee kwa ndugu wawili, kila mmoja tumpigie hesabu yake.

Mkubwa aliye Laiser Hill alisema ndege ni saa moja, na katika hilo alisema kweli. Lakini atoka nyumbani saa 12 asubuhi, afika kiwanjani saa 2 kwa sababu ya magari. Akaguliwa, angoja, na ndege yaruka saa 3 na nusu. Yatua Mombasa saa 4 na nusu. Atoka kiwanjani, avuka Makupa kuingia kisiwani, na mpaka aufikie mlango wa nyumba Mji wa Kale ni saa 6 mchana. Safari yake ni saa 6, na ndani yake saa moja tu ndiyo ya angani. Lau angepanda gari moshi jipya lililoanza mwaka 2017, ambalo huchukua kama saa 5 au zaidi kutoka Syokimau mpaka Miritini, asingechelewa sana.

Mdogo aliye London alipata khabari saa 2 usiku kwa saa ya kwao, usiku wa kuamkia Jumatatu. Mombasa wakati huo ilikuwa saa 5 usiku. Ndege aliyoipata yaondoka saa 4 asubuhi, Jumatatu. Badili kwanza: saa 4 ya London ni saa 7 mchana kwetu. Ongeza saa 8 na nusu: atua Nairobi saa 3 na nusu usiku. Pasipoti na mizigo, saa moja. Usiku huo hakupata ndege ya kuendelea. Yake yaondoka saa 1 asubuhi, Jumanne. Atua Mombasa saa 2, na afika nyumbani saa 3 asubuhi.

Hesabu kutoka saa 5 usiku wa kuamkia Jumatatu mpaka saa 3 asubuhi ya Jumanne. Ni saa 34. Yeye alisema saa 8 na nusu. Hakusema uongo, alitaja saa za kuruka, na wazee wakasikia saa za safari. Hapo ndipo fitina ilipoanzia.

Kwa hivyo anayetaka kujua muda wa safari na ajumlishe mambo matano: kungojea ndege ipatikanayo, njia ya kutoka nyumbani mpaka kiwanjani, saa za kukaguliwa, ambazo kwa safari ya nchi za nje ni 3 au karibu yake, saa za kuruka, na pasipoti, mizigo na njia ya mwisho mpaka mlangoni. Ikiwa ndege ni mbili, mambo hayo huongezeka.

JAWABU

Ama kungoja, jawabu yetu ni hii. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kuharakisha maiti. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameruhusu kungojewa kidogo walii aliye karibu, maadamu hapana khofu ya maiti kubadilika. Basi mas'ala yote yasimama juu ya neno moja: karibu. Na karibu haipimwi kwa saa za angani. Hupimwa kwa saa za kutoka anaposimama mtu mpaka afike penye jeneza. Kwa kipimo hiki mtoto wa Laiser Hill ni karibu, na kumngojea mpaka adhuhuri hapana ubaya. Mtoto wa London hakuwa karibu, hata akiwa ana tiketi mkononi.

Wazee wetu hawakuwa na mashaka haya. Mtoto aliyekuwa Maskati hakuweza kuja ila kwa kaskazi, na hapana aliyefikiri kumwekea maiti mpaka msimu ugeuke. Walizika siku ile ile, na mtoto alipofika alikwenda makaburini akamwombea babake. Kasi ya ndege ndiyo iliyotutia tamaa, tukadhani ya kwamba aliyekaribiana nasi kwa simu amekaribiana nasi kwa mwili.

Wala mtoto aliye mbali hakufungiwa mlango. Mtume aliwasalisha masahaba wake sala ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyefariki mbali nao, na wanazuoni wa Shafi wameishika hoja hiyo katika kumsalia maiti aliye ghaibu. Na akifika baadaye aweza kumsalia penye kaburi lake. Hatuwalaumu ndugu hawa wawili, kwa kuwa nia yao ilikuwa mapenzi kwa mzazi wao. Lakini twawanasihi wasomaji wetu: kila nyumba yenye mtoto ng'ambo na ikae leo, watu wakiwa wazima na nyoyo zimetulia, ipige hesabu hii kwa kalamu, na wakubaliane mapema ni nani atakayengojewa na kwa saa ngapi. Simu ya msiba ikisha lia, hapana mtu awezaye kuhesabu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wao, na awapatanishe waliokhitilafiana. Wabillahi tawfiq.